Kijiko cha Pili

Kondoo majike tisa ndio waliokuwa dunia ya Mama Zizi. Tangu mumewe afariki, mazungumzo yake yote aliwahamishia wao, na majirani walimcheka kwamba akiamka huwasalimia kondoo kabla ya binti yake. Wala hakujali.

Mwaka uliotangulia, wanakondoo saba walizaliwa miguu ya nyuma ikiwa legelege. Aliwabeba mmoja mmoja hadi kwenye chuchu, akawashikilia wanyonye, na bado wote wakafa. Akaapa hatauona tena msimu wa namna ile.

Daktari wa mifugo alipima damu. "Nyasi zako ni nzuri, mama, lakini udongo hauna madini ya shaba. Mimba zikifika katikati, kila jike mpe kijiko kimoja cha dawa hii. Kimoja tu. Shaba ikizidi, kondoo anakufa."

Siku ya dawa, kila aliyemeza alichorwa chaki mgongoni. Wa kwanza alikuwa yule mweusi mkorofi. Alipodhani amewamaliza wote, kabla hajahesabu alama, mvua ikamwagika, na ilipokatika hakuna mgongo uliokuwa na alama. Mama Zizi aliwajua kondoo wake kama vidole vyake, lakini hofu ilimvuruga. Huyu alimeza? Yule je, hakutema?

"Mpigie daktari simu," binti yake akamwambia.

"Nimpigie nimwambie nimesahau? Nitaficha wapi uso wangu? Bora izidi kuliko ipungue, mwanangu."

Akawanywesha wote upya, isipokuwa mweusi, ambaye alimpiga kikumbo, akaruka ua na kutokomea. Mama Zizi alimtukana mpaka akaishiwa maneno.

Siku ya tatu macho ya wale wanane yalikuwa ya manjano, na mkojo wao mwekundu mzito. Daktari alikuja mbio, akatikisa kichwa. Ndani ya wiki wote walikufa, mimba zikiwa tumboni. Mama Zizi aliwachimbia shimo peke yake, akakataa kusaidiwa.

Miezi miwili baadaye mweusi, aliyekuwa amerudi wenzake wakiwa tayari wagonjwa, akazaa. Mtoto aliyumba, akaanguka, akajikakamua tena, kisha akasimama kwa miguu yote minne na kwenda mwenyewe kunyonya.

"Mama, amesimama!" binti alipiga makofi. "Dawa imefanya kazi!"

"Naona," Mama Zizi alisema. Akaketi chini palepale bandani akalia kwa sauti, kwa sababu kijiko kimoja kilikuwa kimetosha.