Muvure wa Nyanya na Kitabu cha Wageni

Wewe unanijua, mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ya wiki ni kutoka jikoni mpaka kwenye kamba ya nguo, na hata hiyo narudi nikihema. Kwa hiyo ukisikia kwamba Jumamosi iliyopita nilivaa pagne yangu ya Pasaka, kitenge changu bora, nikapanda mlima mpaka lango la kambi ya askari, nikaomba kwa mdomo wangu mwenyewe niingizwe ndani, ujue kuna kitu kilikuwa kimenichoma.

Kilichonichoma ni picha. Shule ya binti yangu iliwapeleka watoto kutembelea musée, nyumba ya vitu vya kale iliyo ndani ya kambi, naye akarudi na simu mkononi. "Maman, tazama, tumeona mutumbwi ya vita ya bazee ba zamani!" Nikavaa miwani. Nyuma ya vichwa vya watoto, kwenye giza lisiloonyesha rangi, juu ya matofali mawili, ulikuwa umelala muvure wa nyanya yangu. Sufuria ya mboga ya lengalenga ikaungua, nami sikuinuka.

Kama hukukulia kwetu, nikueleze. Muvure ni gogo la mti lililochimbwa tumbo, refu kama mtu aliyelala, na ndani yake ndizi hukamuliwa zitoe kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Wa nyanya ulichongwa na baba yake huko Walungu, na alipoolewa, wanaume wanne waliubeba mabegani mpaka Bukavu. Ng'ombe wa mahari walikwenda kwa baba yake, muvure ukaja upande wetu. Nyanya alisema kila mara: "Mume anaweza kukufukuza, muvure haukufukuzi."

Nyumba yake ilikuwa karibu na ukuta wa kambi, karibu kiasi kwamba tarumbeta yao ya asubuhi ndiyo iliyoniamsha kwenda shule. Uani kulikuwa na shimo la kuivishia ndizi, limetandikwa majani ya mgomba, na siku ya kulifungua mtaa mzima ulijua kwa pua. Wanawake walikuja na watoto mgongoni na nyimbo zao, wakafunga pagne juu ya magoti, wakaminya ndizi kwa majani makali ya shambani mpaka povu likajaa. Kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza nyuki na kulamba vidole. Nilikuwa hodari sana katika kulamba vidole. Upande mmoja wa muvure kulikuwa na tundu lililozibwa kwa kizibo cha mgomba. Nyanya akikitoa, mutobe, maji matamu ya ndizi, ulitiririka ndani ya mtungi na sisi tukanyamaza kama tuko kwenye misa. Jioni alichanganya unga wa mtama uliokaangwa, akafunika, akatuambia kwamba atakayefunua atapofuka. Nilifunua mara mbili. Miwani hii unayoiona ndiyo deni lake.

Sasa sikiliza jinsi walivyouchukua. Kambini kulikuwa na sherehe ya kumuaga komanda, wakataka kasiksi ikamuliwe kwao, mbele ya wageni. Askari wawili wakaja kwa adabu zote. "Koko, tukopeshe muvure yako, siku mbili tu." Nyanya aliwakopesha, akawapa na kizibo. Siku mbili zikapita. Komanda akahamishwa, na wale askari wawili wakahamishwa naye. Komanda mpya alikuwa mtu wa kupenda mambo ya kale. Katika nyumba ya mawe iliyoachwa na Wabelgiji alikusanya kofia zao za chuma, matandiko ya farasi, mzinga mmoja wenye kutu, picha za maofisa wenye masharubu. Akaukuta muvure nyuma ya jiko. Ukaoshwa, ukawekwa juu ya matofali, na karani mmoja mwenye mwandiko mzuri akaandika kwenye kartoni, kwa Kifaransa, kwamba huu ni mtumbwi wa vita wa ziwa Kivu, wa zamani sana.

Mtumbwi! Ambao hata makalio ya mtu mmoja hayaenei!

Nyanya alikwenda langoni mara nyingi. Wakamwambia vitu vya musée ni vya Serikali. Wakamwambia alete karatasi. Karatasi ya gogo! Mwishowe askari mmoja, kwa kumhurumia au kwa kumchoka, akamwambia: "Koko, siku ya wageni, kuko kitabu. Mutu mwenye kuwa na neno anaandika mule. Komanda anasoma."

Siku ya wageni ilikuwa moja kwa mwaka. Nyanya hakujua kusoma. Mimi nilikuwa mwaka wa nne wa primaire, mwandiko wangu ulisifiwa na mwalimu mbele ya darasa zima, na nilitembea mtaani kama vile nimeteuliwa waziri. Basi tukaoga, tukapakwa mafuta, tukaenda.

Alisimama mbele ya muvure wake kama mgeni, amevaa kitambaa cheupe kichwani, akisikiliza askari akimweleza habari za mtumbwi. Hakubishana. Alipitisha mkono ndani ya tumbo la muvure, akanusa kiganja. Kisha akanishika bega mpaka kwenye meza ya kitabu, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Andika. Ile haiko mutumbwi. Iko muvure yangu. Baba yangu aliichonga. Mulisema siku mbili, muirudishe. Andika na hii: mutumbwi gani iko na tundu? Mulienda kupigana na nani, na maji?"

Nikashika kalamu. Nyuma yangu alisimama askari na bunduki yake, na mdomo wa bunduki ulikuwa sawasawa na sikio langu. Akainama. "Andika muzuri, mutoto. Komanda anasoma kila page."

Nikaandika: Ni vizuri sana. Tunashukuru Komanda.

Nyanya akabonyeza kidole gumba kwenye wino wa zambarau, akakibandika chini ya maneno hayo. Kidole kizima, kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango. Tulipotoka alikuwa mrefu kuliko tulipoingia. "Nimeisha kusema," aliniambia. "Sasa wataleta." Na kwa mama mmoja aliyekaa kando ya lango na karai lake akaninunulia beignets mbili za moto, maandazi ya mafuta, malipo ya mwandishi. Nikazila zote mbili. Sikuacha hata mafuta kwenye karatasi.

Ungefikiri mwaka uliofuata ningepata roho ya kuandika kweli. Mwaka uliofuata niliandika: Tumefurahi sana. Mwaka wa tatu, Hongera. Kila mwaka maneno yake yalikuwa makali zaidi na yangu matamu zaidi. Mwaka wa tano nilimtakia komanda maisha marefu. Kila mwaka kidole gumba chini, na beignets mbili.

Na uani, nyanya aliyaacha mawe mawili ambayo muvure ulikuwa ukikalia. Hapakuruhusiwa ndoo pale, wala kuku, wala nguo za kuanika. Alipafagia kila asubuhi. Jirani alimtania: "Maman, unafagia hewa?" Naye akajibu: "Ninamufagilia mugeni. Barua yangu inatembea polepole, lakini inatembea." Mimi nilikuwa nasimama hapo na kikombe changu cha chai, mwenye diploma baadaye, mwandishi wa familia, nikitazama miguu yangu. Alikufa pamefagiliwa.

Sasa unaelewa kwa nini lengalenga iliungua.

Langoni Jumamosi walinipekua mfuko kama vile ninaingia kuiba mzinga. Kijana wa kijeshi akapewa kazi ya kunitembeza. Nyumba ya mawe bado ipo, kofia bado zipo. Na muvure, ee rafiki yangu, wameupaka rangi! Kijani cha jeshi, kuanzia kichwa mpaka mkia! Mti usiokunywa mutobe hukauka, na huu umepasuka mbavu zote mbili, na kwenye ufa wamejaza simenti. Ndani wameweka kasia. Kartoni imekuwa plastiki, lakini uongo ni ule ule.

"Bazee betu balipigana na hii," kijana akaniambia, na macho yake yaling'aa kwa fahari ya kweli. Nikashindwa kumchukia, jambo lililozidi kunikasirisha.

"Na ile tundu?" nikauliza.

"Tundu ya risasi, maman."

Nikaomba kukaa. Akanisogezea kiti karibu na meza ya kitabu, mtoto mwenye malezi. Kitabu kilikuwa kipya. Nikamwuliza vile vya zamani viko wapi, akaonyesha kwa kidevu chini ya rafu, pamoja na mende. "Ziangalie tu, maman. Hakuna mutu anazisoma."

Hakuna mutu anazisoma. Nilipekua magotini, na pagne yangu ya Pasaka. Nikakipata kile cha mwaka wa kwanza. Mwandiko mzuri kweli, mwalimu hakukosea. Ni vizuri sana. Tunashukuru Komanda. Na chini yake kidole gumba cha nyanya yangu, zambarau imefifia lakini mistari yake yote ipo, hata kovu la kisu cha ndizi. Nikaweka gumba langu juu yake. Lake ni kubwa zaidi.

Nilirudi kwenye meza na kufungua kitabu kipya.

"Andika muzuri, maman," kijana akasema, bila ubaya. "Komanda anasoma."

Nikaandika polepole, kila neno mahali pake: Ile haiko mutumbwi. Iko muvure ya nyanya yangu. Baba yake aliichonga. Mulisema siku mbili, muirudishe. Mutumbwi gani iko na tundu? Mulienda kupigana na nani, na maji? Sikuongeza hata nukta yangu. Wino wa kidole siku hizi hawaweki, basi nikapaka wino wa kalamu ya bic kwenye gumba langu nikabonyeza.

Kijana alikuwa amegeuka, anatazama mvua ikija kutoka ziwani. "Umeandika nini?"

"Nimeandika ni muzuri sana."

"Aksanti, maman."

Hawataurudisha, nalijua hilo. Na wakiurudisha, niuweke wapi? Uani kwa nyanya sasa kuna vyumba vinne vya kupangisha, na pale penye mawe mawili ni choo. Shimo la ndizi limefukiwa. Wale wanawake wenye pagne juu ya magoti wote wako kaburini, na kasiksi ninayoiona mjini inakuja ndani ya vibidoni, madumu madogo ya manjano, inanuka plastiki. Binti yangu hajawahi kulamba vidole hivyo.

Nje ya lango kuna mama mwingine na karai lingine. Nilinunua beignets mbili, nikasimama kwenye mvua, nikazila polepole.