Twende Tukaogelee, kwa Kifini

Ulikuwa ule mwaka wa kula viazi. Mvua ilinyesha hadi mahindi yakaoza shambani, na mashamba ya kuzunguka Naivasha yakawapimia wafanyakazi viazi badala ya unga. Viazi asubuhi, viazi mchana, viazi jioni. Hamsini na ngapi sijui, mimi nilisoma madarasa mawili tu, lakini anayekumbuka viazi vile anaujua mwaka ninaousema.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, yaya kwa Wazungu wa Ufini waliokaa kando ya ziwa. Baba yangu aliosha injini za reli Nakuru, na sisi watoto wanane tulilala chumba kimoja kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Kazi ile aliniombea kwa magoti. Zilikuwa siku za hali ya hatari, na mtu asiye na barua ya mwajiri alidakwa barabarani kama kuku. Kwa hivyo nilijua: nikifukuzwa, narudi kubanana pale landhi, na baba hana uso wa kuniombea tena.

Wazungu hawa hawakuwa kama wengine. Walijenga kibanda cha mbao karibu na maji, wakapasha mawe moto humo ndani, wakayamwagia maji, wakaketi uchi kwenye mvuke hadi wakawa wekundu. Halafu mbio, ziwani! Mpishi wetu, mzee mmoja wa kutoka kwetu magharibi, alikuwa akichungulia dirishani na kuniambia, "Yaya, hawa wanajichemsha wenyewe. Sisi wametuachia kutia chumvi tu."

Mtoto wao wa kike alikuwa na miaka minne. Hakujua Kiswahili wala Kiingereza. Kila alasiri alinivuta aproni: "Mennään uimaan! Mennään uimaan!" Nikampa maji ya kunywa. Akayamwaga. Nikampa kiazi. Akakitupa. Mama yake akacheka hadi akashika ukuta, kisha akachukua taulo, akapiga mikono hewani kama chura, akasema polepole, "Mennään uimaan. Twende, ogelea." Akanifanya niyaseme tena na tena mpaka ulimi ukakubali.

"Ulimi yako ni ya Ufini, Yaya," akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni. Nikavimba kichwa wiki nzima.

Na hakuniacha nyasini nilinde viatu, kama yaya wa mashamba mengine. Aliniingiza majini na gauni langu la kazi, akaweka mkono chini ya mgongo wangu, akauondoa kidogo kidogo, nikaelea. Mimi! Namshukuru mama yule mpaka leo. Wajukuu wangu kumi na mmoja wote wanaogelea, na wote nimewafundisha mimi, kwa mkono vilevile chini ya mgongo. Nioneshe nyanya mwingine hapa Kihoto anayeweza kusema hivyo.

Lakini kosa lake lilikuwa moja. Kwao ziwa ni maji tu, hakuna kitu ndani cha kukuuma. Bwana yake alikuwa amepiga nguzo na waya kuzunguka mahali pa kuogelea, wakaona wamemaliza. Mvua ya mwaka ule ikapandisha ziwa, nguzo zikazama, na upepo ukaleta kisiwa cha mafunjo kinachoelea, kikaegemea palepale. Asubuhi moja nikakuta nyasi zimelala, upana wa njia ya mkokoteni, zimepakwa matope, zinaelekea majini. Mimi nilizaliwa kando ya ziwa, kule kwetu magharibi. Najua nani hulaza nyasi hivyo. Ni kiboko, ameshiba, amerudi kujificha kwenye mafunjo.

Alasiri wakatoka kwenye mvuke, mama mbele na taulo begani. "Mennään uimaan!" Mtoto akatoka mbio. Nikamdaka kiunoni, nikamwinua juu, akanipiga mateke ya tumbo. Mama akacheka, akidhani ni mchezo.

Kiboko mwenyewe tulimwona baadaye, jua likishuka, jike na mtoto wake, wakitoka kwenye mafunjo yale hatua chache tu kutoka pale pa kuogelea. Mama yule aliketi kwenye matope akalia, akanishika mkono, akaniita dada. Nilikaa kwao miaka minne zaidi, na sikusikia tena neno la kufukuzwa. Nashukuru. Lakini saa ile hakuna aliyekuwa ameona kitu, hata mimi. Nilikuwa na nyasi zilizolala tu.

Bwana akaja, maji yakimtiririka kichwani. "Yaya, weka mtoto chini."

"Bwana, kuna kiboko."

"Kiboko wapi? Mimi naona maji. Waya iko."

"Waya iko chini ya maji, Bwana."

"Weka mtoto chini, ama funga mizigo yako, uende Nakuru leo."

Nilimwona baba kabisa, kofia yake mkononi, akinitazama. Nikamkumbatia mtoto kwa mikono miwili.

"Mtoto huyu haingii majini leo."

Mama akaacha kucheka. Taulo ikamtoka begani. "Unasema nini, Yaya?"

"Mtoto huyu haingii majini leo."