Sehemu ya Nne Ilitangulia

Ile ngoma ya mwanzo ninaijua hata usingizini: mapigo matatu mazito, kimya kidogo, halafu tarumbeta. Jumapili moja niliisikia ikitoka kwenye simu ya mwanangu. Nilikuwa jikoni namenya ndizi, na kabla sijajua ninachofanya nikawa nimekaa sakafuni kama mtoto, miguu nimeikunja, nasubiri mtu aanze kutafsiri. Mwanangu akaja kunionyesha. Ni sehemu ya tisa hiyo, akasema, na safari hii wamemrudisha yule rafiki wa stelingi aliyekufa zamani, kumbe hakufa. Nikatoka nje, nikasimama karibu na banda la kuku, na nilikaa huko mpaka ndizi zikaanza kuwa nyeusi kwenye beseni.

Najua mtasema mtu mzima hana akili. Nivumilieni basi, niwaeleze.

Kwetu Nyarubungo filamu hazikuwa na majina yake ya kuzaliwa. Tulisema tu mikanda ya Koplo. Aliyeipa jina hilo ni mjomba wangu Fidelisi, mdogo wake mama, mwanamume mwembamba mwenye maneno mengi kuliko mwili. Alikuwa na deki ya video, televisheni yenye kisogo kikubwa, na jenereta iliyokohoa sana kabla ya kukubali kuwaka. Kibanda chake cha mabanzi kilikuwa nyuma ya soko, juu kimetandwa turubai, na ndani kulinuka petroli, jasho na karanga za kukaanga. Siku ya gulio, alasiri, watu wakishauza walichouza, walijazana humo kwenye mabenchi, na sisi watoto chini mbele kabisa.

Mjomba alikaa kando ya televisheni akiwa na kipaza sauti, akitafsiri. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, nacho kilikuwa kimemtoroka kwa sehemu kubwa, kwa hiyo alitafsiri nyuso za watu zaidi ya maneno yao. Yule stelingi, shujaa mwenyewe wa filamu, mjomba akamwita Koplo, ingawa yawezekana alikuwa jenerali. Rafiki yake, pande la mtu lenye kicheko kikubwa, akamwita Shija, jina la Kisukuma. Hapo mjomba aliijua biashara yake, maana nusu ya watazamaji walikuwa Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, na tangu siku ile Shija alikuwa ndugu yao wa damu. Akipigwa ngumi, walinung'unika.

Katika sehemu ya kwanza Koplo alikuwa maskini wa Mungu. Alikuwa na kisu kimoja na fulana iliyochanika, alikula mijusi msituni, na kazi ya kulipua ghala moja tu ilimchukua filamu nzima. Tulimpenda kwa sababu alichoka. Mkanda uliofuata ukatukuta hatuko tayari: Koplo amenenepa mashavu, nywele amezipaka rangi, anaruka kutoka helikopta hadi helikopta na kumtania adui kabla ya kumpiga risasi. Sisi tukaona amefanikiwa maishani. Hatukujua kwamba tumeruka miaka mingi, kwamba ile ilikuwa sehemu ya nne.

Mikanda ilifika kwetu kama watu walivyosafiri. Aliyekwenda Kahama kuuza maharage aliagizwa mkanda wa Koplo, naye alileta aliouona. Ndivyo ya nne ilivyotangulia ya pili. Na katika hiyo ya nne, Shija alikufa. Alikufia darajani, risasi tatu kifuani, ameshika picha ya mtoto wake. Kila mtu alijua kwamba stelingi hafi, hiyo ilikuwa sheria; ila Shija hakuwa stelingi. Mzee mmoja wa Kisukuma alivua kofia. Mimi nililia mpaka mama, aliyekuwa akiuza karanga mlangoni, akaja kunitoa.

Baada ya muda ikaletwa sehemu ya pili. Ngoma ikapiga, tarumbeta ikalia, na mtu wa kwanza kutokea alikuwa Shija, anacheka, hana kitambi, nywele zimemjaa kichwani. Kibanda kikachafuka. Mtafsiri mwingine angekiri kwamba tumeanzia nyuma. Mjomba alikohoa kwenye kipaza sauti, akaeleza kwamba zile risasi hazikugusa moyo, kwamba Shija alipelekwa hospitali kubwa, madaktari wakamtoa risasi na kitambi pamoja, na chakula cha huko kikamrudishia ujana. Watu walicheka, wakapiga makofi, na mkanda ukaendelea. Wakubwa walijua ni utani. Mimi nilikuwa na miaka minane na niliamini kila neno, na hakuna aliyenisahihisha kwa sababu hakuna aliyejua kwamba naamini.

Masika yale mama akaugua. Ilianza kama homa, ikateremka tumboni, ikafika siku ambayo hakuweza kusimama kuchota hata kikombe cha maji. Barabara ilikuwa tope tupu. Wanaume wa kijiji wakaleta machela ya miti wambebe kwa zamu hadi mahali ambapo gari lingeweza kupita, mjomba akiwa wa kwanza kuinua. Watu wazima wote walikuwa na nyuso za kijivu. Baba alikuwa akifunga na kufungua kamba ileile. Mimi peke yangu nilikuwa na amani. Nilimsogelea mama nikamshika kidole.

"Usiogope, mama," nikamwambia. "Watakutoa ugonjwa, utarudi kama Shija."

Mama aligeuza kichwa polepole, akamtazama mdogo wake. Mjomba aliinamisha uso, akaweka mti begani, wakaondoka. Nilibaki nikiangalia nyayo zao zikijaa maji, kisha nikaenda kucheza.

Mama hakurudi akiwa hai. Walipomleta nilimwona, nikaona ndiyo, hii ni ile ya darajani. Katekista alisema kaburini kwamba siku moja tutaonana naye tena, nami nikaitikia kwa kichwa, maana alikuwa anathibitisha nilichokijua. Sikulia. Matanga yote nilikula vizuri na kulala vizuri, na majirani wakaanza kunong'ona. Bibi alinivuta jikoni, akanipakata. "Ria mjukuu wangu," akasema kwa Kiswahili chake. "Usiporia, machozi yatakukaa tumboni." Nikamwuliza mkanda mwingine utaletwa lini. Akanitazama, akaniongezea maharage.

Mjomba alifunga kibanda kwa wiki kadhaa. Kila nilipomwona nilimwamkia shikamoo kisha nikamwuliza lile lile: sehemu nyingine lini? Naye, mtu ambaye hakuwahi kukosa neno hata kwa filamu asiyoielewa, alifungua mdomo na kuufumba. Mara moja alishika bega langu, likawa kama limemchoma, akaliachia.

Hatimaye akafungua. Nilikuwa wa kwanza kuingia. Ngoma, tarumbeta, na Koplo akatokea, amezeeka kabisa safari hii, anapumua kwa shida akipanda ngazi, na kando yake kijana mgeni mwenye misuli anayefanya kazi zote ngumu. Hiyo ilikuwa sehemu ya tano. Nilisubiri. Magari yalipinduka, jengo zima likaanguka, na sikuona lolote kati ya hayo, kwa kuwa nilikuwa nauangalia kila mlango ulioko kwenye kioo. Katikati ya mkanda yule mzee wa Kisukuma akachoka kungoja.

"Fidelisi, Shija wetu yuko wapi?"

Wengine wakadakia. Walitaka mzaha wao, na walistahili kuupata, na mjomba angeweza kuwapa kumi. Nikamgeukia. Alikuwa ananitazama mimi. Akabonyeza deki, picha ikasimama ikitetemeka, akaleta kipaza sauti mdomoni.

"Shija alikufa," akasema. "Alikufa pale darajani. Mikanda ilikuja vibaya, na mimi niliwadanganya. Harudi."

Mimi niliinuka nikawakanyaga wenzangu nikatoka, na nyuma ya vibanda vya soko, juu ya maganda ya ndizi, ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza. Nilimlilia mama. Lakini nawaambia ukweli, nilimchukia mjomba kuliko nilivyojua mtoto anaweza kumchukia mtu. Niliona mama alikuwa njiani, na yeye ndiye amemzuia kwa lile neno lake, harudi. Muda mrefu sikumwamkia. Mtoto wa kwetu kupita mbele ya mjomba wake bila shikamoo ni jambo la fimbo, lakini yeye alisimama tu mlangoni akisubiri, kisha akaenda zake, na akakataza nisiguswe.

Nilikuwa na watoto wangu tayari bibi aliponisimulia sehemu niliyoikosa. Kumbe sehemu ya tatu, ambayo Shija yu hai tangu mwanzo hadi mwisho, mjomba alikuwa nayo ndani tangu wiki ya matanga. Kama angeionyesha ile, ningeamini mwaka mzima mwingine, na yeye angependwa na kibanda chote. Hakuwahi kuionyesha kwa mtu. Ila siku za kazi, mchana, watu wakiwa mashambani, bibi alikuwa akiisikia jenereta inaunguruma nyuma ya soko. Siku moja alichungulia kwenye ufa wa mabanzi. Mlango umefungwa kwa ndani, mabenchi matupu, kipaza sauti kimelala chini, na mjomba amekaa mbele kabisa, mahali pa watoto, anamtazama Shija akicheka, hatafsiri hata sentensi moja.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, na mama alikuwa dada yake wa pekee.