Nilivyomwacha Mkwe Kwenye Chombo cha Angani

Mimi ndiye yule mwanamume wa kwenye televisheni aliyemwacha bibi kizee aungue. Nimenyamaza vya kutosha. Likoni nzima inanicheka, posa ya binti yangu nusura ivunjike, na walionitia kwenye aibu hii wapo, wanakula na kulala. Nitawataja.

Wa kwanza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Stesheni moja ilikuja kutengeneza mchezo wa kuonyeshwa sikukuu ya Idi, yeye akapewa kazi ya kutafuta watu wa kuigiza abiria. Hadithi yenyewe, watu wamechoka kubishana kila mwaka kama mwezi umeandama au haujaandama, basi wanaunda chombo cha angani waende wakauone kwa karibu. Njiani kinapigwa na jiwe la nyota, kinawaka moto, sasa nani atapona na nani atakufa. Mwongozaji, kijana wa bara, alituambia amekua akitazama sinema za meli kuzama na maghorofa kuungua, anataka na sisi tuwe na balaa letu, la sikukuu.

Shemeji akanichukua mimi. Vizuri. Akamchukua na mama yake, yaani mkwe wangu. Chombo kimoja!

Sisi huku kwetu, mtu na mkwewe wa kike hawakaribiani. Miaka yote niliyokaa na binti yake sijaketi naye mkeka mmoja. Nikimkuta njiani nainamisha kichwa, namwamkia, napita upande. Akiwa na neno nami humwambia mke wangu, hata kama niko palepale nasikia. Ndiyo heshima. Shemeji analijua hilo tangu ananyonya.

Chombo kilijengwa ndani ya godauni huko Changamwe. Mabati ya kupakwa rangi ya fedha, viti vya plastiki, na hilo jiwe la nyota lilikuwa godoro la sponji lililotiwa rangi nyeusi. Mkwe alikaa mbele kabisa na buibui lake jipya, mimi nikajibanza nyuma. Godoro likaturukia. Sakafu ikainuliwa upande kwa jeki ya lori, moshi ukafunguliwa, tukapiga mayowe kama tulivyofundishwa. Mara mwongozaji akaninyooshea kidole.

"Wewe mzee wa kanzu! Mbebe huyo mathe mgongoni, utoke naye!"

Nikamtazama shemeji. Shemeji akatazama viatu vyake. Neno moja tu angesema, lakini aliogopa kunyang'anywa kazi.

"Mzee, chombo kinalipuka! Mbebe!"

Nikaipanda ile sakafu mpaka nikafika mbele ya mkwe, uso kwa uso, karibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Kichwa kikawa kitupu. Mtu akikabiliana na mkwewe hivyo, atasema nini? Nikainama, mikono nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu taratibu, moshi umemzunguka kama anajifukiza udi.

Basi nifanye nini tena? Nisimame nimkodolee macho? Nikageuka, nikashuka ngazi, nikapona. Nyuma yangu chombo kikalipuka. Nilidhani tutarudia, lakini mwongozaji alikuwa anapiga makofi. "Hiyo imeweza! Hiyo inabaki!" Huyo ndiye wa pili.

Idi ikafika. Siku hiyo wageni wetu wa Kisauni, upande wa kijana anayemposa binti yangu, walikuwa waje kumaliza maneno, mjomba wake akiongoza. Jirani yangu seremala, na huyu ni wa tatu, akaleta televisheni yake kubwa bila kuombwa, ati wageni wamuone baba wa bibi harusi alivyo staa. Wanaume tukakaa ukumbini. Wanawake wakakaa chumba cha ndani, mkwe akiwa miongoni mwao, wakitazama kupitia mlangoni.

Tulipofika kwenye shikamoo, mjomba aliirudisha sambusa kwenye sahani.

"Huyo ni wewe?"

"Ni mimi, lakini ni mchezo tu."

"Najua ni mchezo. Umemwamkia, ameitikia, ni mzima, halafu ukamwacha?"

"Lakini adabu hakukosa!" seremala akacheka, peke yake.

Huko ndani nikasikia, "Maskini bibi! Kafa anaitikia!" Mimi nitajitetea vipi? Niseme mbele za watu, naye mkwe anasikia, kwamba mwili wake siwezi kuugusa? Hilo ni baya kuliko moto.

"Sisi nyumbani tuna mama mzee," mjomba akasema. "Binti akitoka nyumba kama hii..." Hakumaliza. Akachukua kofia yake.

Wa nne simtaji, adabu hainiruhusu. Nasema tu kuna mtu mle ndani ambaye sauti yake moja ingeniokoa, na mtu huyo alikuwa anapokea pole. Nikamsikia anashusha pumzi. Nikamsikia anaomba kipande kingine cha haluwa. Mjomba yuko mlangoni, anatafuta kiatu cha pili.

"Hebu mwambieni mgeni," sauti ikatoka hatimaye. "Aliyeungua ni mimi. Na huyo mwanamume ni mkwe wangu. Wallahi angenishika kwa mikono yake hiyo, ningemchukua binti yangu siku ileile."

Mjomba akaganda na kiatu mkononi. "Mkwe? Wewe ndiye mama mzaa mkewe?"

"Ndiye."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa angembebaje, jamani! Bora moto!" Akarudi, akaketi, akadai ile sambusa yake, na Fatiha ya posa ikasomwa.

Walipoondoka nilikuwa nakusanya vikombe, mkwe akamwita mke wangu.

"Abee mama."

"Mwambie mumeo alifanya vyema. Lakini huko nje asielezeeleze. Wenzangu wa Mtongwe wanakuja kesho kunipa pole. Waniache nife kidogo."

Walikuja kweli, na sinia za vitumbua, wakinipita barazani hata salamu hawanipi. Na mimi ndiye niliyetumwa kuwatafutia viti.