Mjane kwenye Lango la Diwani

Mume wangu alipigwa risasi mchana kweupe pale ufuoni Karungu, kwa ajili ya injini ya mashua. Vijana waliomuua hawakuwa na bunduki yao. Ile waliikodi, kama mtu anavyokodi baiskeli, na sote tulimjua mwenye kuikodisha. Alikuwa akinunua samaki kwetu.

Wiki ya tatu ya msiba, wavuvi walimwandikia mbunge barua. Waliomba Bunge litunge sheria, anayekodisha bunduki ahukumiwe sawa na aliyefyatua. Shahidi nilikuwa mimi, maana mimi ndiye niliyeona bunduki ikitolewa kwenye gunia la dagaa wa omena na kukabidhiwa wale vijana.

Mbunge alipokuja kula kwa diwani, nikaenda na barua, wavuvi wachache wakinisindikiza, nikakwama langoni. Kwetu mjane ambaye hajamaliza desturi za msiba haingii boma la mtu. Akiingia, anaingia na chira, laana ya mwiko uliovunjwa, na watoto wa boma hilo wanaanza kudhoofika. Nikatuma ujumbe ndani. Jibu likaja: mheshimiwa anakula, mama aache barua aende zake.

Ati niende zangu! Barua zote tulizowahi kuacha langoni ziliishia kufungia mandazi.

"Diwani!" nikapaza sauti. "Mheshimiwa asipotoka, haki ya Mungu naingia mimi!" Nikainua mguu.

Yawa! Viti vilianguka. Diwani akatoka mbio, vidole vimejaa mchuzi, akimvuta mbunge kwa koti. "Shemeji, tafadhali, simama hapo hapo!" Ningecheka, lakini nyuma yao alitoka mgeni mwingine, chupa ya soda mkononi. Mwenye bunduki. Kumbe alikuwa mezani nao.

Mbunge aliisoma barua akiwa amesimama juani. "Mama, Bungeni wataniambia hizi ni porojo. Nani anakodisha?"

Yule mtu akanitazama. "Watoto hawajambo?" akaniuliza, kwa upole kabisa.

Wavuvi walionisindikiza wakaanza kuangalia viatu vyao. Niliogopa, sitaki kujifanya shujaa hapa. Niliogopa mpaka nikashikilia nguzo ya lango.

"Ni huyu," nikasema. Nikataja jina lake na la baba yake.

Yeye akaendelea kunywa soda. Mbunge akaikunja barua taratibu. "Utarudia haya kortini?"

"Nitarudia. Lakini leo nyumbani nitalalaje?"

Mbunge alimwita dereva wake, tukapitia kwangu kuwachukua watoto, na jioni ile tulikuwa njiani kuelekea Homa Bay. Nililiacha boma la mume wangu kabla matanga hayajaisha, udongo wa kaburi lake ukiwa bado mbichi. Mwenye bunduki alirudi ndani kwa diwani, akamalizia chakula chake.