Tunguu, Dar na Mkono Wangu

Majibu mawili yaliingia kwenye simu yangu katika wiki moja. Chuo cha Tunguu kimenikubali, na chuo cha Dar es Salaam nacho kimenikubali. Nikapewa wiki sita za kuchagua, na kila mtu mtaani kwetu Amani, kule kisiwani, akageuka mshauri wangu, hata muuza mkaa ambaye hajawahi kuvuka bahari.

Ukiutazama kwa macho ya kijana wa miaka ishirini, uchaguzi wenyewe haukuwa mgumu. Tunguu ni barabara, mabanda ya chipsi, maduka ya kutoa nakala na wanafunzi. Ukishanunua kalamu na kunywa chai, mji umeumaliza. Tena ni karibu: asubuhi unatoka Amani na jioni umesharudi kwenu. Dar ni Dar. Nilikuwa nimekwenda mara mbili kwa binamu yangu Temeke, nikarudi nimevimba kichwa, nazungumza kama mtu wa huko mpaka wenzangu wakachoka kunicheka. Niliitaka Dar kwa moyo wangu wote, na sioni haya kusema.

Lakini baba alikuwa anampiga mama.

Nalisema mapema ili mtu asije akadhani hii ni habari ya vitabu na mabweni. Baba ni fundi seremala. Baba yake alitoka bara kuja kufanya kazi bandarini, yeye akazaliwa kisiwani, mitaa ya Ng'ambo. Nje ya nyumba ni mtu wa mizaha na watu wanampenda. Ndani, mkono wake ni mwepesi. Mwezi ule ule wa majibu alimrushia mama mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao chenye ulimi wa chuma, kwa sababu alirudi kazini akakuta mchuzi haujaiva. Ulimi ulimpata begani. Hospitali alishonwa nyuzi saba, akamwambia daktari kwamba ameteleza bafuni. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimemshikia mkoba. Nilimchukia baba, nikajichukia na mimi kwa kunyamaza.

Kwa hiyo nilipokuwa napima miji, nilikuwa napima jambo jingine kabisa. Nikienda Tunguu nitarudi nyumbani kila jioni na kusimama baina yao. Nikienda Dar, mama atabaki peke yake na ule mkono, maana hana mtoto mwengine. Na baba mwenyewe ndiye aliyekuwa ananisukuma.

"Nenda Dar ukachangamke akili," aliniambia siku moja huku anapiga randa. "Tunguu utasoma nini, kuhesabu ng'ombe?"

Nilimjibu kuwa nnafikiri.

Mama naye alikuwa na mpango wake, akanieleza tukiwa tunaanika nguo uani. Kwao ni Makunduchi. Ukifika Mwaka Kogwa tutakwenda sote kama kawaida, na yeye hatarudi. Atawaweka kitako kaka zake wawili, awaoneshe bega, wamdaie talaka yake.

"Nshachoka, mwanangu," alisema. "Weye ngoja tu. Usifanye kitu."

Kwa asiyeujua Mwaka Kogwa: watu huoga baharini asubuhi, kisha wanaume wa kusini na wa kaskazini mwa Makunduchi hukutana uwanjani wakapigana kwa mapande ya mgomba, huku wanawake wamependeza, wanaimba na kuwatupia maneno. Mwenye kinyongo na mwenzake humtafuta pale akamtandika, na yeye akatandikwa. Lililopigwa pale limekwisha. Ukirudi nalo nyumbani, mwenye aibu ni wewe. Haya nimeyajua tangu mtoto, na ndiyo maana kosa langu halina pa kujificha.

Baba kila mwaka alikuwa akiingia uwanjani kwa mizaha, shemeji wa watu. Safari hii alisimama upande wa kaskazini, amevaa koti zito kuukuu la kukinga mapigo, anacheka na kila mtu. Mimi nilikuwa upande wa wajomba zangu. Nilikuwa nimechagua pande la chini kabisa ya shina, zito, limejaa maji, ambalo mtu mwenye adabu zake hulipita akachukua jengine.

La kwanza nilimpiga shingoni. Alicheka, akanirudishia la mgongo. La pili nikampiga usoni, akaacha kucheka. Pande langu likapasuka na kubaki nyuzi mkononi, ndipo nikaanza ngumi. Nilimwangusha, nikamkalia kifuani, nikampiga mdomo mpaka meno yake yakawa mekundu. Nilikuwa nahesabu kwa sauti ya chini: uzi wa kwanza, uzi wa pili. Nilipofika wa tano wajomba wakaniondoa. Niseme kweli, nilifurahi. Sijawahi kufurahi vile, kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Mjomba mkubwa alitusimamisha uso kwa uso. Baba akatema damu, akaninyooshea mkono.

"Yashakwisha?" akauliza.

"Yashakwisha!" nikajibu, uwanja mzima ukasikia, nikaupokea mkono wake kwa kiburi cha mshindi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama hakupiga, na mimi nilikuwa na furaha nyingi mno hata sikujiuliza kwa nini.

Jioni ile mama aliwaweka kitako kaka zake nyumbani kwa bibi, akafunua bega. Mjomba mkubwa alilitazama kwa muda mrefu. Yeye na ndugu zake huzungumza lahaja yao ya kule, lakini safari hii alijibu kwa Kiswahili cha mjini, ili baba aliyekuwa barazani asikosee hata neno moja.

"Dada yangu, hilo lishapigwa uwanjani. Mwanao kakulipia mbele ya watu, mumeo kakubali, wamepeana mikono. Sasa sie tufufue nini?"

"Mie sikupeana mkono na mtu," alisema mama.

"Mwanao kapeana. Na mwanao ndo weye."

Nilitaka kusema kwamba langu ni langu na la mama ni la mama. Lakini kesi aliyoibeba miaka yote niliifuta mimi, kwa raha zangu, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Mama alijifunika bega, akaenda kumsaidia bibi kuosha vyombo. Kesho yake tulirudi Amani watu watatu, baba kavimba mdomo, anachekesha abiria njia nzima.

Basi, nikaamua Tunguu. Niliona hiyo ndiyo fidia ninayoweza kuitoa, kuiacha Dar na kumlinda mama kwa mwili wangu. Sikumwambia mtu. Kila siku nikawa nashinda ukumbini, nikingoja baba anipe sababu. Nasema kungoja kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mama akipita na sahani, mimi macho yangu yako kwenye vidole vya baba. Yeye alikuwa ameanza kula haraka na kutoka.

Sababu ilikuja siku tatu kabla ya muda wa kuchagua kwisha. Ilikuwa Ijumaa mchana, baba anajitayarisha kwenda kuswali. Alimuuliza mama kanzu yake nyengine iko wapi, mama akamwambia bado mbichi kambani. Baba akainua mkono. Mpaka leo sijui kama alitaka kupiga au alitaka kofia yake iliyokuwa juu ya kabati. Sikungoja kujua. Nilimbamiza ukutani, nikamkaba koo kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukawa unampiga mbavu, tena na tena. Naye, mtu mzima yule, alikuwa anasema, "Basi, baba, basi," akiniita baba kama alivyokuwa akiniita nilipokuwa mdogo. Mama akanishika kwa nyuma. Nikamsukuma kwa kiwiko ili niendelee. Nikasikia kiwiko kimegonga mfupa.

Nilipogeuka alikuwa yuko chini, kiganja mdomoni, damu inapita baina ya vidole. Nilipiga magoti, nikanyoosha mkono kumwinua. Akajikunja na kujikinga uso. Nilikuwa nimemwona akijikinga vile mara nyingi, lakini siku zote nilikuwa nimesimama upande mwengine.

"Mama, ni mie," nilimwambia.

"Nnakuona," alisema, na mkono hakuushusha.

Baba alitoka nje anakohoa. Mama alinawa uso uani, akarudi, akaniambia nitoe simu. Alikaa upande wa pili wa mkeka, mbali nami.

"Chagua Dar."

"Siwezi, mama. Nani atakaa baina yenu? Mie nshaamua Tunguu. Kwa ajili yako."

"Ndo maana nnakwambia." Mdomo wake ulikuwa umeanza kuvimba, maneno yanatoka kwa shida. "Mpigaji mmoja nshamzoea. Nnajua anavyofungua mlango, nnajua nikae wapi. Wawili siwawezi. Nenda, mwanangu, bado nnakupenda."

Nilibonyeza Dar mbele yake. Aliichukua simu, akasoma mwenyewe kuhakikisha, akanirudishia.

Sasa niko mwaka wa tatu. Watu wa mtaani huniuliza niliwezaje kuuchagua mji mkubwa namna ile, nami huwaambia habari za maktaba na za kazi zilizojaa huku. Mama hunipigia simu kila wiki, akaniuliza nimekula nini, tukacheka. Nikimuuliza kuhusu baba, husema hajambo, akaingia kwenye habari nyengine. Na kila nikimwambia nnakuja likizo, huniuliza kwanza nitakaa siku ngapi.