Picha imechukua ukuta wa fleshete

Bandugu, leo picha moja imemaliza kazi mupya ya bwana yangu.

Munamujua Kalenga, baba ya mutoto wetu Mwamba. Akitupa mushale wa fleshete, unaenda katikati ya ubao. Bakubwa ba serkle, kule bafanyakazi banachezea, balimuahidi hivi: akishinda Bazambia siku ya Mungu, ile Jumapili inakuja, atatoka chini ya mugodi, atafundisha fleshete. Na kile kikohozi chake munakisikia.

Asubuhi bajumbe ba chama bakakuja kutembelea serkle. Mbio mbio musimamizi wa serkle akashusha ubao, akatundika picha ya Rais kwa ule musumari wa ubao.

Bageni bakaenda.

Kalenga akauliza: "Sasa turudishe ubao?"

Bale banacheza karata bakainamisha vichwa.

Musimamizi akamuita raia kwa Kifaransa, kama chama kinapenda, akamuambia polepole: "Sitwayeni, nani atamushusha pale?"

"Basi tuweke kwa ukuta ingine."

"Utupe mishale ndani ya nyumba yeye anaangalia?"

Hapo kila mutu akatafuta kofia yake. Mechi haikufutwa na mutu. Imekufa tu.

Kalenga akarudi nyumbani na ubao, anataka kuutundika kwetu. Chumba kimoja, bandugu, na mutoto anatambaa! Nikamuambia: "Baba Mwamba, hapana. Macho ya mutoto kwanza."

Hakubisha. Afadhali angebisha.

Kesho anashuka mugodi zamu ya asubuhi. Mishale nimeificha juu ya kabati, ndani ya sufuria kubwa.

Ninyi mungefanya nini? Semeni. Lakini musiniambie eti ile picha itashuka.